Shilingi Imfuate Mtu, au Ifuate Umbali?

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Tuanzie mwaka 1965. Serikali ya Kenya huru ilitoa Waraka wa Kikao Nambari 10, ikaamua fedha za maendeleo ziende kule zitakakozaa zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Aliyekuwa nacho akaongezewa. Wajir na Turkana, kule kaskazini kame, zikabaki kungoja, na zilingoja karibu miaka hamsini.

Katiba ya 2010 ikageuza mambo. Kifungu cha 203 kinazipa kaunti zetu 47 angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Lakini nisikilizeni hapa. Hesabu hiyo hupigwa kwa mapato yaliyokwisha kukaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Bunge likichelewa kuidhinisha, kiwango hicho cha chini kinapimwa kwa mapato ya miaka iliyopita, ilhali dawa na saruji zinanunuliwa kwa bei ya leo. Jambo hili linanikera kuliko yote, na ni nadra kulisikia likitajwa.

Baada ya hapo kaunti hugawana kwa fomula inayopitishwa na Seneti. Ile ya kwanza iliipa idadi ya watu asilimia 45, mgao sawa 25, umaskini 20, ukubwa wa eneo 8, na matumizi mazuri ya fedha 2. Mwaka 2020 maseneta walivutana kwa miezi juu ya fomula mpya, baadhi yao wakidai “mtu mmoja, kura moja, shilingi moja,” yaani fedha zifuate idadi ya watu.

Hebu tupime dai hilo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.4 Kiambu, katika kilomita za mraba kama 2,500. Marsabit ilikuwa na watu wapatao 460,000, waliotawanyika katika kilomita za mraba zaidi ya 65,000. Shilingi ileile inayomfikishia mtoto wa Kiambu chanjo, Marsabit inaishia kwenye mafuta ya gari kabla chanjo haijafika. Kwa hiyo mimi nasema asilimia 8 ya eneo ni ndogo mno.

Mvutano uliisha Septemba 2020 kwa ahadi ya kuongeza fedha ili kaunti yoyote isipunguziwe. Swali la haki ya nani likaachwa vilevile.

Fomula hupitiwa upya kila miaka mitano, na Tume ya Ugavi wa Mapato hupokea maoni ya wananchi. Pelekeni umbali wa zahanati yenu, kwa kilomita, na gharama ya kuifikia.