Umaskini wa Kusini Una Tarehe Zake

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana wa sekondari mliojazana huko nyuma, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie historia ya Kusini chini ya wakoloni. Wengi wenu mmeshanisikia na mnajua ninakoelekea. Nitayasema tena, kwa sababu hata mwaka huu nimemsikia mkubwa mmoja redioni akisema watu wa Lindi na Mtwara tumechelewa kuamka. Kuamka! Maana yake kulikuwa na usingizi. Basi anioneshe ni mwaka gani tulilala. Ni 1331, Ibn Battuta alipofika Kilwa Kisiwani akausifu mji ule kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyoiona? Ni 1505, Wareno walipoushambulia kwa ajili ya dhahabu iliyokuwa ikipita pale? Ni baada ya 1873, Sultani wa Zanzibar alipofunga masoko ya watumwa, na nyanda za Makonde zikawa zinatoa mpira wa mwituni unaopakiwa majahazini Lindi na Mikindani? Nchi iliyolala haigombaniwi na watu wanaovuka bahari.

Najua kuna mtu anasubiri kuniuliza, mbona unakwepa biashara ya watumwa? Siikwepi. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kuuzia watu karne ya 19. Misafara ilitoka Ziwa Nyasa ikapita humu humu tunamokaa. Waarabu walikuwemo, Wayao walikuwemo, Waswahili wa pwani walikuwemo, Wahindi waliokopesha mtaji walikuwemo. Wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa wamekaa kwenye viti hivi, wameoana, wanazikana. Watoto wafundishwe hilo bila kificho. Ila lisitumike kuwatakasa Wajerumani. Walikuja wakisema wanapiga vita utumwa, wakatawala mpaka wakaondoka, na utumwa haukupigwa marufuku kisheria Tanganyika hadi 1922, chini ya Waingereza. Anayebisha aje tuzungumze baadaye.

Sasa twende kwenye tarehe. Ya kwanza ni 30 Desemba 1886. Siku hiyo Ujerumani na Ureno zilikubaliana kwamba Mto Ruvuma ndio mpaka. Hakuna Mmakonde aliyeitwa, wala Mmakua, wala Myao, na wote hao walikuwa na ndugu pande zote mbili za mto. Miaka minne baadaye, Mei 1890, Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alipokwisha kuitwaa tena pwani yetu, Kilwa, Lindi na Mikindani, alimwita Machemba, mkuu wa Wayao kule Luagala juu ya uwanda wa Makonde, ashuke pwani kutoa utii. Machemba alimjibu kwa barua, tena ya Kiswahili. Alimwambia kwamba maneno yake ameyasikia lakini haoni sababu ya kumtii. Kama ni urafiki, yuko tayari leo na siku zote. Kuwa mtu wa chini yake, hapana. Akamkumbusha kwamba wote wawili ni viumbe wa Mungu, na kila mmoja ni sultani kwake. Vijana, barua hiyo iliandikwa na mtu wa huku. Hiyo ndiyo ya kukariri.

Machemba alisumbuana nao karibu miaka kumi. Ilipokuja kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba, akakataa nayo. Mwaka 1899 walipomzidi nguvu alivuka Ruvuma akaingia upande wa Wareno, na Wajerumani wakaishia ukingoni. Mpaka waliouchora wao wenyewe ndio uliomwokoa.

Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani mnavijua. Nandete, pamba iliyong'olewa, Kinjikitile Ngwale kunyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, hayo yamo vitabuni. Nataka mkumbuke jambo moja tu: vita vile havikumalizwa na bunduki peke yake. Maofisa wa Kijerumani waliamua kwa kukusudia kwamba njaa ndiyo itakayowatiisha watu. Mashamba yakachomwa, maghala yakachomwa, mbegu zikachukuliwa. Wajerumani walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria wetu Gwassa, aliyekwenda kuwasikiliza wazee vijijini, alifikia 250,000 hadi 300,000. Wengi wao waliuawa na njaa.

Mwaka 1906, moshi haujatulia, mhandisi wa madini anaitwa Bernhard Sattler anazungukazunguka kaskazini-magharibi ya Lindi, upande wa Mto Mbwemkuru, akitafuta madini. Karibu na kilima cha Tendaguru anaona mfupa mkubwa ajabu umejitokeza njiani, mfupa wa dinosaria, mnyama wa kale aliyekwisha kutoweka. Habari zinafika Ujerumani. Mwaka 1907 anakuja profesa Fraas kutoka Stuttgart. Mwaka 1909 unakuja msafara wa makumbusho ya Berlin ukiongozwa na Janensch na Hennig, na wanachimba misimu minne, mpaka 1913. Serikali ya kikoloni inatangaza kwamba ardhi ile ni mali ya dola.

Hapa mnivumilie, hapa sitafanya haraka.

Mchukueni kijana mmoja wa Kimwera, ana miaka 25 mwaka 1909. Majimaji imemkuta na miaka 21. Ghala la baba yake limechomwa. Amekula ming'oko, viazi vya mwituni, na si ile ya kununua sokoni ikiwa imechemshwa ukatafuna njiani. Ming'oko ya kuchimba mwenyewe porini kwa sababu nyumbani hakuna punje ya mtama. Amezika. Na bado karani wa akida, wakala wa serikali ya Wajerumani, anakuja kudai kodi, nayo inatakiwa fedha taslimu. Anasikia Tendaguru kuna Wazungu wanalipa watu wachimbe mifupa. Anakwenda. Msimu uliochangamka walifika watu 500, wengine wamekuja na wake zao na watoto, pakawa kijiji kizima.

Anachimba kwa jembe na sururu, akikaribia mfupa anatumia kisu na mikono. Kuna mfupa mmoja wa mguu wa mbele, kipande kile cha juu tu, una zaidi ya mita 2. Mtu mzima akisimama kando yake unampita kichwa. Unakatwa vipande, unafungashwa kwa mianzi na udongo usivunjike, na mzigo unawekwa kichwani. Ulio mzito unaning'inizwa kwenye mti mrefu wakaubeba wawili au zaidi. Kisha miguu, siku kama nne, mpaka bandari ya Lindi. Hakukuwa na reli wala barabara ya gari. Zaidi ya tani 200 zilipita hivyo, shingoni mwa watu waliotoka kwenye njaa. Kutoka ufukwe huu huu, meli, Ujerumani.

Mtu ataniambia, walilipwa. Ndiyo, walilipwa. Ujira ukatoka mkono mmoja wa serikali ukarudi mkono wa pili kama kodi. Mwingine ataniambia, mifupa ile sisi tungeifanyia nini? Swali hilo nimelichoka. Anayeuliza hivyo anadhani mali ni yako pale tu unapokuwa na mashine ya kuichambua. Watoto wa Berlin wa mwaka 1909 nao hawakujua la kuifanyia. Walijengewa jumba, wakaletewa walimu, wakajifunza. Mnyama mkubwa kuliko wote alisimamishwa ukumbini mwaka 1937, kimo zaidi ya mita 13, na yuko pale mpaka leo. Watalii wanakata tiketi kumwona. Toka hapa hadi Mnazi Mmoja yetu ya Lindi uulize watoto mia moja, hesabu wangapi wanajua ametoka wapi.

Na majina! Huyo mkubwa alipewa jina la Branca, mkurugenzi wa makumbusho. Mwingine akapewa jina la jenerali wa Kijerumani Lettow-Vorbeck, ambaye vita vyake vilimaliza wapagazi wetu. Aliyesimamia uchimbaji wenyewe, fundi aliyejua mwamba na mifupa na kuwaongoza mamia ya watu, ni Boheti bin Amrani. Jina lake lilikuja kupewa kiumbe mwaka 2007, karibu miaka mia baadaye. Waingereza nao wakaja kuchimba hapo hapo Tendaguru kati ya 1924 na 1931, na kiongozi wao wa kwanza, Cutler, akafa kwa malaria humu Lindi mwaka 1925.

Kuna mjadala wa kuirudisha mifupa, na msimamo wangu mnaujua: irudi. Lakini kazi ya kwanza hatuhitaji kibali cha Berlin kuifanya. Inahitajika nyumba moja hapa Lindi, yenye nakala, ramani na picha, ambapo mtoto atalisoma jina la Boheti bin Amrani kabla ya kulisoma la Janensch.

Naoneshwa saa. Nitakimbia.

Vita Kuu ya Kwanza: Oktoba 1917, Mahiwa karibu na Nyangao, Waingereza na Wajerumani, mapigano ya siku nne, mojawapo ya mabaya kuliko yote Afrika Mashariki. Novemba Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma pale Ngomano. Kionga, kusini ya mto, Wajerumani waliitwaa 1894, Wareno wakaichukua 1916, ikathibitishwa kuwa yao 1919. Watu walibadilishiwa bwana mara mbili bila kuhama nyumba. Baadaye Wamakonde wa upande ule walivuka kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya huku. Hilo lina mhadhara wake.

Karanga. Mwaka 1947 Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kula kwao, wakapanga kulima ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yakaja kabla ya mtu kupima mvua na udongo vizuri. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa, mamilioni ya pauni yakapotea. Kwa ajili yake ilijengwa reli na bandari ya kina kirefu ya Mtwara, iliyofunguliwa 1954, karanga zenyewe zikiwa zimekwisha kufa. Reli ikafungwa na kung'olewa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Hiyo ilikuwa serikali yetu, nalisema wazi. Hesabu zilionesha hasara, lakini ilikuwa hasara ya reli iliyojengewa mahitaji ya jikoni za Uingereza. Hakuna aliyekaa kuuliza ingekuwaje kama ingejengewa ufuta na korosho za watu wa Masasi na Nachingwea. Tukabaki na barabara ya vumbi, na Rufiji ukatufungia kila masika mpaka daraja lilipofunguliwa 2003.

Gesi siigusi leo, tutakesha.

Wazee mliofanya kazi kwenye mradi wa karanga, au mlioipanda reli ile kabla haijang'olewa, nawaomba msiondoke bila kumwandikia binti yule pale mlangoni jina na kijiji. Tutakuja na kinasa sauti, na tutaanza na walio na umri mkubwa. Haya, maswali. Mzee mwenye kofia, wewe ulitangulia kunyoosha mkono.