Namba ya Kujaa na Kupwa

Assalaam aleikum wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojaza viti vya nyuma.

Nimeiandika ubaoni: 12345678987654321. Tarakimu 17. Ianze kushoto, ianze kulia, ni ile ile, kama neno ini au ada. Sisi wa Mombasa twaijua tabia hiyo: yajaa kama maji hadi 9, kisha yapwa.

Wala haikupangwa kwa urembo. Ni 111111111 mara 111111111. Mwanangu, njoo ubaoni tuanze na ndogo, 111 mara 111. Andika 111. Chini yake 111 nyingine, isogeze kushoto nafasi moja. Ya tatu isogeze tena. Haya, jumlisha kila safu: 1, 2, 3, 2, 1. Mwaona? Safu ya kati imepata mistari yote mitatu, za pembeni mmoja mmoja. Na hakuna iliyofika kumi, kwa hivyo hukubeba kitu.

Hilo la kubeba ndilo nililowaitia. Zikiwa moja tisa, safu ya kati ina 9, imejaa pomoni. Ziwe kumi, safu hiyo yafika 10, yabidi kubeba, na jibu ni 1234567900987654321. Itazameni pale kati: kushoto 8 imetoweka, kulia ipo. Moja iliyobebwa imeifanya 9 ya jirani kuwa 10, ikabebwa moja tena, 8 ikawa 9, na ulinganifu wote umevunjika! Mimi hili lanigusa kila nikilifanya.

Je, yetu ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe? La. 111111111 ni 9 × 37 × 333667, kwa hivyo yetu ni 81 × 37 × 37 × 333667 × 333667. Jumla ya tarakimu zake nayo ni 81. Lakini vijana, msikimbilie kuifanya kanuni. Kwa 9 kanuni ya kujumlisha tarakimu ipo: jumla ikigawanyika kwa 9, namba nayo yagawanyika. Kwa 81 haipo.

Mzee mmoja kaniuliza hapo mlangoni kama namba za aina hii, zisomekazo sawa kushoto na kulia, zote zagawanyika kwa 11. Zenye idadi shufwa ya tarakimu, yaani mbili, nne, sita, naam, zote: 1001, 2112, hata ziwe ndefu vipi. Ukijumlisha na kutoa kwa kupokezana, kila tarakimu yafutwa na pacha wake, wabaki na sufuri. Ndiyo maana katika hizo ni 11 pekee iliyo tasa. Yetu ina idadi witiri ya tarakimu, 17. Igawe kwa 11, yabaki 1.

Sasa vigawo vyake, yaani namba zinazoigawa bila kubaki kitu. Ni 45. Vipange kuanzia kidogo: 1, 3, 9, 27, 37, 81, 111, mwendo huo. Cha kwanza kizidishe kwa cha mwisho, wapata namba yenyewe. Cha pili kwa cha pili kutoka mwisho, vile vile. Wenda hivyo ukiwaoza wawili wawili, 22 huku na 22 kule, mpaka wafika katikati, na hapo amesimama mmoja asiye na mwenzake: 111111111.