Daftari la vitone la afya: hesabu vijumba kwanza!

Assalamu alaikum wapenzi, karibuni tena barazani kwangu, Kibokoni, Mombasa. Leo twaanza daftari la vitone, lile wenyewe wanaloliita bullet journal, lakini letu ni la afya. Huo mvumo mnaousikia ni feni. Nikiizima nitayeyuka mbele yenu, kwa hivyo tuvumiliane.

Vifaa ni daftari, biki, penseli, rula na raba. Basi. Haya majalada ya leso nayashona mwenyewe na nayauza, lakini daftari tupu la dukani pia litafanya kazi, msije mkasema nimewalazimisha. Ila liwe na vijumba vidogo, vya milimita 5. Hapo nitawasumbua sana leo.

Andika namba za kurasa. Kurasa mbili za mwanzo ziache za yaliyomo. Haya, twende.

Alama sasa. Njia hii aliibuni Ryder Carroll wa New York, akaitoa mtandaoni mwaka 2013, na alama zake ni kavu kabisa: kitone ni jambo la kufanya, duara ni tukio, kistari ni maelezo. Kwa hivyo kitone, “nunua dawa za presha.” Duara, “kliniki saa tatu.” Kistari, “kichwa kimeuma tangu alasiri.” Ukishalifanya jambo, kitone unakipiga mkasi, alama ya X. Hukulifanya na bado unalitaka, unakigeuza mshale, unalihamishia mbele. Hayo maua na mawingu mnayoyaona kwenye video za watu yalikuja baadaye. Mimi maua nayapenda kwenye leso.

Mimi lililonileta huku ni mamangu. Daktari alimuuliza, “Presha ya nyumbani ikoje?” Akajibu, “Inapanda, inashuka.” Daktari akanigeukia mimi, na mimi nikaangalia kalenda ya ukutani kama vile jibu limeandikwa pale.

Sasa jedwali la mwezi. Subirini, simu yateleza... nimeiegemeza kwenye kopo la maziwa... haya, mwaona? Tarehe zashuka upande wa kushoto, 1 mpaka 31. Juu waandika vitu vyako: usingizi, maji, kutembea, dawa. Vinne, vitano, visizidi. Mwezi wangu wa kwanza niliweka kumi na mbili, mpaka “hasira”. Wiki ya pili nilikuwa na hasira na daftari lenyewe.

Kabla ya kugusa biki, hesabu vijumba. Narudia: hesabu vijumba, kwa penseli, kutoka juu mpaka chini. Wahitaji 31 vya tarehe, kimoja cha vichwa na viwili vya jina la mwezi, jumla 34. Daftari la A5 lina urefu wa milimita 210, kwa hivyo vijumba vya milimita 5 vitaingia 42, nafasi inabaki. Mimi nilichukua daftari la hesabu la mpwa wangu, vijumba vikubwa vya sentimita nzima. Nikapiga mistari kwa biki, safi, nikaweka na rangi. Ukurasa ukaniishia tarehe 18! Kama vijumba vyako ni vikubwa, tumia kurasa mbili zinazotazamana, 1 mpaka 16 huku, zilizobaki kule. Lakini hesabu kwanza. Umehesabu? Hesabu tena.

Mwezi wa Ramadhani safu ya dawa naigawa mara mbili, futari na daku, na saa hizo mamangu alipangiwa na daktari wake, sikuzitunga mimi.

Ukurasa wa presha uwe peke yake: tarehe, saa, namba ya juu, namba ya chini. Saa ni muhimu. Na usipime umetoka Marikiti na kikapu, umepanda ngazi, wahema. Keti dakika 5, mgongo uegemee, miguu iguse sakafu, usiipishanishe, mkono uwe usawa wa moyo, na mdomo ufungwe. Kwa mamangu, hilo la kufunga mdomo ndio mtihani. Nusu saa kabla yake hakuna kahawa, hata ile ya kikombe kidogo. Pima, ngoja dakika 1, pima tena, andika zote mbili kama zilivyo. Usiifanye 138 kuwa 130 ili upendeze, daktari hakuoi. Na ikisoma 180 juu ya 120 au zaidi, pumzika kidogo urudie. Ikibaki pale pale, funga daftari uende hospitali. Ukiwa na maumivu ya kifua, pumzi yabana au ulimi wawa mzito, usingoje hata huko kurudia.

Mwisho wa mwezi wafungua ukurasa mpya, wahamisha vile vitone vilivyobaki, na jedwali wachora upya. Vijumba, jamani. Kwa penseli.

Hebu niwaonyeshe la mwezi huu lilivyo... we! We paka! Shuka! Wino haujakauka, hali ya hewa yenyewe hii ya unyevu... Tizameni. Tarehe 6 ina unyayo. Kuchana siwezi, kurasa zishapewa namba. Basi naweka kistari hapa: “paka.”