Admirali Samuel Gravely na Nyumba Iliyomngoja

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mlioko nyuma sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nimkumbuke admirali Samuel Gravely wa Marekani. Wengi wakimtaja, humtaja kwa neno moja: wa kwanza. Mmarekani Mweusi wa kwanza kuongoza manowari ya kivita ya nchi yake katika zama zetu, wa kwanza kufikia uadmirali. Ni kweli kabisa. Ila neno hilo linameza miaka. Ukilisikia unadhani mtu alipaa. Leo nataka tumwone akipanda ngazi kwa jasho, na tumwone pia Alma, mkewe, kwa sababu ngazi ile waliipanda wawili.

Alizaliwa Richmond, Virginia, tarehe 4 Juni 1922. Baba yake alikuwa mtu wa posta. Mama yake alifariki Samuel akiwa bado mwanafunzi, na nadhani utu wake wa kujali nyumba ulianzia hapo.

Hadi katikati ya mwaka 1942, Mweusi aliyejiunga na jeshi la wanamaji la Marekani aliishia jikoni, au kuwaandalia maofisa meza. Milango mingine ilipofunguliwa mwezi Juni mwaka ule, Gravely alijiandikisha Septemba. Tarehe 14 Desemba 1944 akawa afisa.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Mwaka 1945 kijana huyu yuko Miami, amevaa sare. Askari wa doria wakamkamata. Kosa gani? Kujifanya afisa. Sare ni yake, kiapo amekula mwenyewe, cheo amepewa na serikali ile ile iliyowalipa mshahara wale waliomshika. Hawakutaka kuamini macho yao. Mimi nikifika hapa katika maisha yake, kila mara moyo unanisokota. Angeivua sare ile siku hiyo hiyo akarudi kwao, nani angemlaumu? Hakuivua. Akarudi kwenye meli.

Meli yenyewe iliitwa PC-1264, chombo kidogo cha kuwinda nyambizi, urefu wake mita 53 hivi. Mabaharia wake karibu wote walikuwa Weusi, na wakubwa waliiweka baharini kama jaribio, waone kama watu wa rangi ile wanaweza kazi. Wenzangu mliowahi kushika zamu usiku mnajua: bahari ikichafuka haiulizi rangi ya mtu. Wale vijana walikuwa wakipimwa kama wanaweza kuendesha meli, na huku wanaiendesha.

Februari 1946 alimwoa Alma. Vita vilikuwa vimekwisha, akaondoka jeshini, akafanya kazi ya posta kwenye treni, akamaliza shahada ya historia mwaka 1948. Mwaka huo huo Rais Truman alitoa amri ya kukomesha ubaguzi majeshini. Mwaka 1949 Gravely akaitwa tena, na kazi aliyopewa ni kuwashawishi vijana Weusi wajiunge. Yeye, aliyekamatwa Miami.

Kisha ikaja vita ya Korea, akawa afisa wa redio kwenye manowari kubwa Iowa. Chumba cha redio hakina sifa. Hakioni bahari wala jua. Ni mashine, joto, na ujumbe unaoingia usiku na mchana, na ukikosea tarakimu moja, mzinga unaweza kuelekea kwa wasiohusika. Humo ndimo alimojijengea jina, kwa usahihi. Watu wanapenda kusimulia mizinga. Mimi naheshimu zaidi yule anayeandika tarakimu sawasawa saa tisa za usiku.

Na nyumbani je? Dada zangu mlioolewa na mabaharia, ninyi mnalijua hili kuliko mimi. Mume akihamishwa, familia inafungasha. Katika miaka ile, familia ya Weusi ikifika mji mpya, hata kama baba ni afisa, ilihangaika kupata pa kukaa, maana mwenye nyumba akiwaona tu, nyumba imeshachukuliwa. Alma na Samuel walilea watoto watatu katika hali hiyo, baba yuko majini miezi na miezi. Huduma ya aina hii haipewi nishani, nami naona ni upungufu mkubwa.

Baada ya hapo vyeo vilikuja. Januari 1962 alikabidhiwa manowari Falgout. Mwaka 1966 aliongoza Taussig kwenye maji ya Vietnam. Mwaka 1971, akiwa kamanda wa manowari Jouett, akawa admirali. Mwaka 1976 akapewa Kikosi cha Tatu cha manowari, makao yake wakati ule yakiwa Hawaii. Miaka miwili baadaye akawekwa kuongoza idara ya mawasiliano ya ulinzi wa nchi nzima: yule yule wa chumba cha redio. Alistaafu mwaka 1980.

Akahamia Haymarket, Virginia, akafuga njiwa. Namwona asubuhi, mtu aliyeamuru maelfu ya mabaharia, kasimama na mtama mkononi akiwahesabu wanaorejea tunduni. Alma yuko ndani. Hatimaye wanakula chakula cha asubuhi pamoja bila mtu kuwa na zamu.

Alifariki tarehe 22 Oktoba 2004, akiwa na miaka 82, baada ya kupata kiharusi. Ndoa yao ilikuwa imedumu miaka 58. Kaburi lake liko Arlington, kwenye makaburi ya kitaifa ya wanajeshi.

Mei 2009, kule Pascagoula, Mississippi, Alma alisimama mbele ya omo ya manowari mpya iliyopewa jina la mumewe. Ina urefu wa mita 155, karibu mara tatu ya ile PC-1264. Walimpa chupa, kama ilivyo desturi ya kuibariki meli. Akaipasua kwenye chuma.