Katikati ya Jiji, Kuanzia Chini ya Goti Hadi Juu ya Paa

Karibuni tena. Leo tunapiga picha za jiji kwa pembe zisizozoeleka. Tuko katikati ya jiji, saa kumi alasiri, na mkononi nina simu, kitambaa cha kufutia miwani na stendi ndogo inayoingia mfukoni. Mwenye kamera kubwa naye afuate, hatua ni zile zile.

Kabla sijaanza, angalia hawa watu nyuma yangu. Kila anayetoa simu anaipandisha usawa wa uso, anabofya, anaondoka. Ndiyo maana picha za jengo hili zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Mwaka 1928 mpiga picha wa Urusi, Alexander Rodchenko, alilalamikia jambo hili hili. Enzi zake wengi walishika kamera tumboni, kwa hiyo alikemea picha za kitovuni. Sisi kitovu kimepanda usoni, basi.

Hatua ya kwanza: tembea bila kupiga. Simu mfukoni, dakika ishirini. Mtaa uliopita kwenda, upite tena kurudi, kwa sababu ukigeuka jua linakuwa upande mwingine na majengo yanabadilika sura. Tafuta jua linapopenya kati ya maghorofa. Tafuta jengo la vioo linalorusha mwanga kwenye ukuta ulio kivulini. Mwanga huo wa kuazima hudumu muda mfupi, kisha unahama. Kumbuka pia zilipo ngazi, madaraja ya waenda kwa miguu na madimbwi. Halafu futa lenzi. Nasema kweli, futa. Nusu ya picha "zenye ukungu" ninazoonyeshwa ni mafuta ya vidole.

Hatua ya pili: shuka chini. Hapa ndipo nitakaa sana, kwa sababu ndipo ninapopapenda.

Unaliona dimbwi hili? Upana wake haufiki sahani mbili, na linatosha kabisa. Geuza simu kichwa chini, ili lenzi zije chini karibu na maji. Sogeza, sogeza tena, mpaka kati ya lenzi na maji isiingie hata kalamu. Ona kwenye skrini: dimbwi lile dogo sasa ni ziwa, na jengo la ghorofa ishirini limesimama ndani yake miguu juu.

Sasa gusa skrini ili simu ilenge. Wengi wanagusa maji, na hapo ndipo wanapokosea. Taswira iliyo majini ina umbali wa jengo lenyewe, siyo umbali wa maji. Ukilenga lile jani linaloelea, jengo linafifia. Gusa dirisha la jengo ndani ya maji, shikilia kidole mpaka lengo lijifunge, kisha teremsha mwangaza kidogo hadi mawingu yaonekane. Upepo ukipita, subiri. Maji yakitulia, subiri tena, mtu apite. Mtu mmoja akiruka dimbwi anakupa picha ambayo jengo peke yake haliwezi kukupa.

Chagua dimbwi la kando ya njia ya miguu, siyo la barabarani. Mimi niliwahi kuchuchumaa ukingoni mwa barabara, mgongo nimewapa madereva, na gari likapita kwenye dimbwi la jirani. Nilirudi nyumbani nimeloa hadi shingoni, na picha yenyewe ilitikisika.

Hatua ya tatu: tazama juu. Ukiinamisha simu nyuma kidogo tu, majengo yanalala kama yamechoka, na picha inaonekana ya bahati mbaya. Ama simu isimame wima kabisa, ama ielekee juu moja kwa moja. Ukitaka nguzo zinyooke, rudi nyuma mbali, au panda ghorofa ya katikati ya jengo la ng'ambo upige ukiwa usawa wake. Ukitaka zikutane juu kama vidole, simama katikati ya majengo manne, tandika kitambaa chini, laza simu kifudifudi, weka kuhesabu sekunde kumi, ondoka. Usipoondoka, kidevu chako kitakuwa jengo la tano.

Hatua ya nne: panda. Na hapa ombeni ruhusa, jamani. Zungumza na mlinzi au mtu wa mapokezi, mwambie unataka kupiga nini na kwa muda gani. Akikataa, mshukuru uondoke. Sirukii geti wala sikai ukingoni mwa paa, na anayefanya hivyo kwa ajili ya picha simshangilii. Kuna ghorofa za kutazamia zilizo wazi kwa watu wote, kuna maegesho ya magari ya ghorofani, kuna madirisha ya maktaba. Yanatosha.

Ukipiga kupitia kioo, zima flashi na gandisha lenzi kwenye kioo chenyewe, kisha zungushia koti pande zote ili taa za ndani zisijionyeshe. Halafu achana na upeo wa macho. Elekeza simu chini, kwenye lami. Saa hizi jua limelala, kivuli cha mtu ni kirefu kuliko mtu mwenyewe. Piga, kisha geuza picha juu chini. Umeona? Vivuli ndivyo vinavyotembea, na watu wameburutwa miguuni mwao.

Dirisha la juu lina historia yake. Mwaka 1838 Louis Daguerre, mvumbuzi wa Ufaransa, alipiga picha ya barabara ya Paris kutoka dirishani. Sahani yake, yaani bamba la chuma lililonasa picha, ilihitaji dakika kadhaa kupokea mwanga, kwa hiyo watu na magari ya farasi waliokuwa wakipita walifutika. Aliyeonekana wazi ni mtu mmoja aliyesimama akisafishiwa viatu. Nasi tutumie ujanja huo huo: simu kwenye stendi, programu inayokuruhusu kurefusha muda wa shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga. Nusu sekunde inatosha wapita njia waanze kuyeyuka. Sekunde kumi usiku, taa za magari zinakuwa kamba ndefu. Kisha mwombe rafiki asimame chini palepale bila kutikisika.

Mpanda ngazi hushuka, kwa hiyo tushuke.

Hatua ya tano ni fupi: piga kupitia kitu. Matundu ya uzio, dirisha la basi, upenyo kati ya watu wawili wanaozungumza. Sogea karibu na kitu hicho mpaka kiwe ukungu tu pembeni mwa fremu. Watu wenyewe waheshimu: mtu akipunga mkono kukataa, futa picha mbele ya macho yake. Na nchi nyingi zinakataza kupiga majengo ya kijeshi, kwa hiyo uliza kabla.

Hatua ya sita: usiondoke jua likizama. Subiri kama dakika ishirini, mpaka anga iwe ya bluu nzito na nguvu yake ilingane na taa za madirishani. Karibu na ikweta muda huo unakatika upesi, kwa hiyo uwe umeshajipanga. Kaskazini ya mbali unaweza hata kujinyoosha kwanza. Njoo siku ya kazi. Mpiga picha wa Marekani, Berenice Abbott, alipopiga New York ya usiku akiwa juu ya jengo refu, katika miaka ya 1930, alichagua Desemba, wakati giza linaingia kabla wafanyakazi hawajazima taa za ofisi. Aliacha shata wazi dakika 15. Siku ya mapumziko angepata maboksi meusi.

Nimerudi kwenye dimbwi letu. Limekauka nusu, lakini taa nyekundu ya barabarani imelijaza lote. Simu kichwa chini, lenzi karibu na maji, gusa ile nyekundu, shikilia. Betri imebaki asilimia sita. Kuna mtu anakuja na mwavuli.

Usipumue.