Mama Ameulizwa Mbele ya Nani?

Shikamooni wakubwa, wenzangu, habari za asubuhi. Mnaonifahamu mnajua naanzia wapi: kwenye benchi la kliniki.

Dodoso la SDQ, lile la kupima hisia na tabia za mtoto, sitalieleza kwa kirefu. Goodman alilichapisha 1997, vipengele 25, mnalitumia kila wiki.

Kituo kimoja huku Temeke, mama alisomewa dodoso benchini. Kulia kwake jirani wa mtaani, kushoto mtu asiyemjua, na mhudumu anasoma kwa sauti kwa sababu foleni imefika getini. Mtoto ana wasiwasi mwingi? Hapana. Ana huzuni, analialia? Hapana, ni mtulivu, hana makuu. Jumla ya alama za matatizo ikatoka 6. Baada ya wiki mbili nikakaa naye chumbani, mlango umefungwa, nikamsomea yaleyale taratibu. Akanyamaza kitambo, kisha akaanza kueleza. Jumla 19! Na kwa dodoso la mzazi, 17 tayari ni alama ya juu. Jamani, dodoso linauliza miezi 6 iliyopita. Mtoto ni yuleyule. Waliobadilika ni waliokuwa wakimsikiliza mama yake.

Najua kuna mtu hapa ataniambia, "Daktari, alfa ya Cronbach ilikuwa nzuri," yaani kile kipimo cha jinsi majibu ya vipengele yanavyoshikana. Sikatai. Lakini vipengele vitano vya hisia vyote vinauliza matatizo. Akina mama wengi wakivikana vyote kwa kuona haya, majibu yatashikana vizuri sana na alfa itapanda. Alfa haijui nani alikaa pembeni. Rudieni kuuliza, mahali pa faragha, ndipo mniletee namba.

Halafu, nani anajibu? Mwaka 1987 mtafiti Achenbach na wenzake walikusanya tafiti 119 zilizolinganisha majibu ya watu mbalimbali kuhusu mtoto yuleyule. Watu wa nafasi moja kwa mtoto, kama baba na mama, ulinganifu wao ulikuwa wastani wa 0.60, ambapo 1 ni kulingana kabisa; watu wa nafasi tofauti, kama mzazi na mwalimu, 0.28 tu. Sasa mama lishe anayetoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku, mtoto anashinda na bibi. Bibi mmemuuliza?

Tafsiri nayo... "Huwa hatulii?" "Ndiyo." Ndiyo anatulia, au ndiyo hatulii? Naona naonyeshwa saa, hilo tutalizungumza chai.

Ombi langu ni moja. Juu ya kila fomu andikeni: aliyejibu ni nani, analala nyumba moja na mtoto au la, alijibu akiwa wapi, na nani alikuwa anasikia. Muanze Jumatatu.