Kusi Imeondoka na Blanketi Langu

ATHMANI: Assalamu aleikum na karibuni, kutoka hapa Mombasa. Rukia yuko hapa, amejitanda leso mbili kama anakwenda matangani.

RUKIA: Moja ya kujitanda, moja ya baridi. Usinianze. Leo nimekuja na karatasi. Mambo matano ya kufanya msimu ukigeuka, nimekesha nikiyaandika, na leo yote matano tutayamaliza.

ATHMANI: Tutayamaliza. Lakini kwanza nina tangazo la kupotea.

RUKIA: Nani kapotea?

ATHMANI: Blanketi.

RUKIA: Lile la chui?

ATHMANI: Lile la chui. Wanaotusikiliza tangu mwanzo wanalijua, ndilo lililokuwa likiziba dirisha tulipokuwa twarekodi jikoni kwa mamangu, honi za tuktuk zisiingie.

RUKIA: Na zikaingia vilevile.

ATHMANI: Zikaingia. Sasa sikiliza. Jumapili jua lilitoka kali, nikamwambia mamangu, baridi imekwisha, nalifua blanketi naliweka kabatini mpaka mwakani. Akaniangalia tu. Nikalitia kwenye beseni, nikalikanyaga kwa miguu nusu saa. Kulikamua tulikuwa mimi na mpwa wangu, yeye huku, mimi kule, kama twavuta kamba. Nikalipandisha juu paani, vibanio vinne.

RUKIA: Vinne kwa mzigo ule.

ATHMANI: Jumatatu jioni bado bichi. Nikaliacha. Jumanne usiku, saa tisa, nimeamka meno yanagongana. Wallahi Rukia, nilivaa kanzu juu ya fulana juu ya fulana nyingine. Nikasema, hata kama ni bichi nitajifunika nalo. Kupanda juu: vibanio vinne vimebaki kwenye kamba, blanketi hakuna.

RUKIA: Vibanio vimebaki?

ATHMANI: Vinne vyote.

RUKIA: Athmani. Upepo hauna adabu ya kurudisha vibanio. Hiyo ni kazi ya mtu.

ATHMANI: Mtu gani atapanda ghorofa nne saa tisa usiku kuiba blanketi bichi?

RUKIA: Mtu aliyehisi baridi. [Kicheko] Na ile blanketi mimi nimeibeba. Likiwa kavu lataka watu wawili. Upepo gani utaliinua?

ATHMANI: Kusi. Hujapita ufukweni Mama Ngina wiki hii? Mawimbi yanapanda mpaka wauza mihogo wamerudisha meza nyuma. Makanga wa Likoni wamevaa kofia za marvin masikioni. Mvuvi mwenye ngalawa ndogo havuki mwamba, ndiyo maana changu bei yake huulizi. Kusi ikitaka blanketi, inachukua.

RUKIA: Haya, tufanye ni upepo. Limekwenda wapi?

ATHMANI: Ndilo swali langu. Niko Kibokoni. Nisaidie.

RUKIA: Kusi inatoka kusini na kusini mashariki. Basi limekwenda juu. Kuze, Bondeni, likijitahidi sana Buxton.

ATHMANI: Nimeuliza Kuze nyumba kwa nyumba. Mzee mmoja wa barazani akaniuliza, chui huyo ni dume au jike?

RUKIA: Lakini subiri. Saa tisa usiku kuna upepo wa umande. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko bahari, ule upepo mdogo unatoka bara kwenda majini. Kama ni umande, blanketi liko mkondoni. Au limevuka, liko Nyali.

ATHMANI: Blanketi langu limehamia Nyali? Mimi mwenyewe sijamudu kodi ya Nyali.

RUKIA: Au matlai imeanza. Ikiwa ni matlai, upepo wa mashariki, basi limeangukia upande wa Marikiti, na sasa hivi limefunika magunia ya vitunguu.

ATHMANI: Unaona ulichofanya? Blanketi ndilo litatuambia msimu. Likipatikana Bondeni, kusi bado. Likipatikana Marikiti, matlai imeingia, pepo zinageuka, baridi imekwisha na mimi nilikuwa na haki kulifua.

RUKIA: Likipatikana kwa jirani, kuna mwizi. Wasikilizaji, tutumieni ujumbe mkiliona. Sasa karatasi yangu. La kwanza...

ATHMANI: Kabla ya la kwanza. Baridi hii yarudi tena au hairudi? Maana mimi sasa sina blanketi.

RUKIA: Hilo lilikuwa la pili, lakini haya. Kwanza tukubaliane hii yetu ni baridi ya Mombasa. Simu yangu usiku huo iliandika nyuzi 20. Mtu wa Limuru, ambako Julai usiku hushuka chini ya nyuzi 10, akitusikia tunalia na 20 atazima redio.

ATHMANI: Azime. Yeye ana jiko la makaa na sweta tangu azaliwe. Mimi nina feni.

RUKIA: Sisi tuko nyuzi 4 kusini ya ikweta, kwa hivyo baridi yetu ni ndugu wa baridi ya Afrika Kusini. Miezi hii, kule chini karibu na Mauritius na Réunion, kunakaa mgandamizo mkubwa wa hewa. Ndio unaosukuma upepo huku juu kupitia baharini. Ukifika pwani yetu unapata kasi, unapinda Somalia, unavuka kwenda Bara Hindi, na ndio unaowapelekea mvua zao. Wataalamu mkondo huo wauita kwa jina la Findlater, Mwingereza aliyeuandikia mwaka 1969.

ATHMANI: 1969?

RUKIA: 1969.

ATHMANI: Majahazi yamerudi Arabuni kwa upepo huo karne na karne, yakija na kaskazi yakiondoka na kusi, halafu 1969 ndio ukapata mwenyewe. Mbona usiitwe kwa jina la ami yangu?

RUKIA: Ami yako aliandika?

ATHMANI: Ami yangu alipeleka boriti kutoka Lamu mpaka Bandari ya Kale kwa jahazi. Angeandikia wapi?

RUKIA: [Kicheko] Sawa. Swali lako: baridi kali ikipita Afrika Kusini, nyuma yake ule mgandamizo hupata nguvu, na siku chache baadaye sisi huku twatafuta leso. Kule majira ya baridi hayajakwisha. Kwa hivyo mpaka Septemba waweza kuamshwa tena usiku mmoja, hata miwili mitatu. Lakini kila mara itakuwa na nguvu kidogo zaidi ya kupungua... nimesema nini?

ATHMANI: Hata mimi sikuelewa.

RUKIA: Kila ikirudi itakuwa hafifu. Jua linarudi kwetu. Mwanzo wa Oktoba linapita utosini hapa Mombasa, kivuli chako mchana unakikanyaga. Ila bahari ni nzito, haipati joto kwa siku moja. Machi maji yetu ni nyuzi 29 hivi, sasa ni kama 25, ndiyo baridi yake kabisa ya mwaka. Upepo ukipita juu ya maji hayo, hauji na joto.

ATHMANI: Vizuri. Sasa mimi nilimuuliza ami. Alitoka nje, akaangalia maji, akaniambia, "Mvua ya mchoo haijamwaga. Utalala na kanzu tena." Basi. Dakika moja.

RUKIA: Siku gani?

ATHMANI: Hakusema siku.

RUKIA: Ndiyo sababu hakosei! Asiyetaja siku hakosei. Mimi nikisema "mvua yaja", nikanyamaza, siku yoyote ikinyesha mimi ni bingwa.

ATHMANI: Na Idara ya Hali ya Hewa? "Mvua za rasharasha sehemu chache za pwani." Sehemu chache zipi? Kwangu au kwako? Wako Dagoretti, Nairobi, wamevaa makoti, wananiambia habari ya Kibokoni.

RUKIA: Wana kituo hapa uwanja wa ndege, na wanatoa taarifa kila siku, ikikosea waiona imekosea. Hiyo ndiyo tofauti. Ami anahesabu kwa kalenda ya Nairuzi, sivyo?

ATHMANI: Kwa Siku ya Mwaka, ndiyo. Miongo 36, kila mwongo siku kumi, na siku tano za kufunga mwaka. Kila mwongo una upepo wake, mvua yake na samaki wake. Demani, kusi ikitulia, inajulikana; tanga mbili, pepo zikigeuka, inajulikana.

RUKIA: Siku 365 kamili.

ATHMANI: Kamili.

RUKIA: Hakuna siku ya nyongeza kila miaka minne.

ATHMANI: Sasa?

RUKIA: Sasa hesabu yateleza siku moja kila miaka minne. Miaka 100 siku kama 25. Mwezi mzima karibu! Mwongo uliokuwa wa demani enzi za babu yake ami, leo uko katikati ya baridi. Ndugu yangu, ulifua blanketi kwa kalenda iliyoteleza.

ATHMANI: Nilifua kwa jua la Jumapili, usimtie ami. Na wewe wafikiri manahodha walikuwa wajinga? Walitazama nyota. "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua." Kilimia hakitelezi.

RUKIA: Hicho kinamwambia mkulima alime lini. Hakikwambii Alhamisi.

ATHMANI: Mtu anayeweka shingo yake baharini hakai na hesabu mbovu. Ingekuwa mbovu wangekwisha wote.

RUKIA: Wengine walikwisha, Athmani. Waliobaki ndio wanaosimulia.

ATHMANI: [Kimya kidogo] Hilo neno kali.

RUKIA: Sikulisema kwa ubaya. Lakini leo vijana wa ngalawa wanaangalia simu kabla ya kushua. Kwa nini, kama hesabu ya wazee yatosha?

ATHMANI: Waangalia simu, halafu wamuuliza mzee. Na mzee akisema hapana, hawashui, simu ikisema nini. Hilo nimeliona kwa macho yangu. Simu yasema kasi ya upepo. Haisemi mkondo pale mlangoni mwa bahari utakuwaje maji yakitoka.

RUKIA: Hiyo ni kujua mahali. Mimi sibishani na kujua mahali. Nabishana na kujua kesho.

ATHMANI: Ni kitu kimoja.

RUKIA: Si kitu kimoja.

ATHMANI: Mtu aliyeangalia maji yaleyale miaka hamsini...

RUKIA: Si kitu kimoja, Athmani, na hata hali yenyewe imebadilika. Bahari ya utotoni mwa ami si hii. Vuli ya 2019 ilivyomwaga, ya 2023 ikafurika mpaka barabara zikakatika, mwongo gani uliyasema hayo? Yalisemwa na watu waliopima joto la bahari huku na la bahari ya upande wa Indonesia.

ATHMANI: Na mwaka 2023 watu waliambiwa wajiandae, wakaambiwa tena mvua haitakuwa kubwa hivyo, wakachanganyikiwa. Hilo hulitaji.

RUKIA: Walichanganywa na wasemaji. Waliopima hawakuwachanganya.

ATHMANI: Mimi nabaki na ami.

RUKIA: Baki naye, akupe na blanketi.

ATHMANI: [Kicheko] Ana moja tu, na yeye hakulifua.

RUKIA: Huoni? Ami mwenyewe hakulifua! Tuachane na hili, hatulimalizi. La kwanza kwenye karatasi: madirisha ya upande wa kusini...

ATHMANI: Subiri, subiri, kuna ujumbe. Mtu katuma picha. "Kaka Athmani, blanketi lako nimeliona limeanikwa Tudor."

RUKIA: Tudor ni kaskazini magharibi! Kusi! Nilisema!

ATHMANI: Wewe ulisema Buxton.

RUKIA: Nilisema likijitahidi. Leta nione. [Kimya] Hili ni tausi.

ATHMANI: Tausi?

RUKIA: Mkia huu hapa. Na ni la kijani. Lako si la kahawia?

ATHMANI: La kahawia, chui amelala ubavu, jicho moja limefutika kwa pasi.

RUKIA: Nani hupiga blanketi pasi?

ATHMANI: Mamangu. Lilikuwa la harusi yake, yakhe.

RUKIA: Athmani, umefua blanketi la harusi la mamako ukaliacha nje siku mbili?

ATHMANI: Ndiyo maana natangaza hewani na sitangazi nyumbani.

RUKIA: Anajua limepotea?

ATHMANI: Anajua linakauka.

RUKIA: Ya Rabi. Tangu Jumapili!

ATHMANI: Hewa ina unyevu. Kila akiuliza namwambia, kusi hii mama, nguo hazikauki. Mpaka leo kasema, basi lishushe nilipige pasi.

RUKIA: Na kipindi hiki hukisikiliza.

ATHMANI: ...Hukisikiliza Ijumaa baada ya sala.

RUKIA: Una siku mbili. Wasikilizaji wa Bondeni, Kuze, Marikiti, na hata Nyali, chui amelala ubavu, jicho moja. Sasa tafadhali, mambo matano.

ATHMANI: Mwenye studio anagonga.

RUKIA: Bado dakika kumi.

ATHMANI: Anaonyesha vidole vitatu kwenye kioo. Ni dakika tatu au shilingi mia tatu, sijui.

RUKIA: Haya, haraka. Madirisha ya kusini yafungwe usiku, ya kaskazini yaachwe wazi, kwa sababu...

ATHMANI: Na kama umande unatoka bara?

RUKIA: Usinikatize! La pili tumelisema. La tatu, mafua ya watoto, hapa nilikuwa na maelezo marefu kidogo...

ATHMANI: Kijana wa kaswida kashaingia na dufu lake. Karibu mwanangu, twatoka.

RUKIA: La nne na la tano nitayatia kwenye kikundi chetu. Athmani, shika waya huo. Na marvin hiyo ya nani hapa kitini?

ATHMANI: Yangu. Nipe, nje kuna upepo.